Siku Twiga Hakupita

Siku ambayo Twiga hakupita ilikuwa Jumanne. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyeugua, wala mvua haikunyesha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Injini alikuwa amekwisha kunawa uso na kunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Alikunja suruali mguu wa kulia, akaubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usiliwe na mnyororo, akatoka barazani kumsubiri shemeji yake.

Injini lilikuwa jina la kazini. Alipewa na wenzake wa kiwanda cha sabuni siku aliyojisifu kwamba yeye hahitaji petroli, injini anayo miguuni. Twiga naye alipewa lake kwa ajili ya urefu. Akipanda baiskeli magoti yalimfika karibu na masikio, na watoto wa barabarani walipenda kumwuliza kama huko juu kuna baridi. Alikuwa kaka wa mke wa Injini, na alikaa mitaa mitatu kutoka hapo. Kwa miaka sita walikuwa wamekwenda kazini pamoja kwa baiskeli, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, mmoja akitangulia kukata upepo hadi kwenye tangi la maji, mwingine akipokea hadi getini.

Wasingefika miaka sita bila ile hila yao. Mwanzoni kila mmoja alianza wiki kwa mbwembwe. Ikifika Jumatano goti linauma, Alhamisi mtu yuko kwenye basi, nauli imekula mboga ya nyumbani. Ndipo Twiga akasema, "Shemeji, mtu hauwezi usingizi wake mwenyewe. Tufanye hivi. Baiskeli zote mbili zilale kwako, tuzifunge pamoja kwa mnyororo mmoja. Ufunguo ulale kwangu. Wewe ukilala nitakugongea. Mimi nikilala, wewe umekwama, na mimi siwezi kulala nikijua nimemkwamisha mume wa dada yangu."

Basi ikawa hivyo. Baiskeli mbili zilifungwa kwenye nondo za dirisha la baraza kwa mnyororo mnene uliotoka kwenye gari bovu la kiwanda, na kufuli lake moja. Kila alfajiri Twiga alikuja kwa miguu, ufunguo mkononi, akipiga mluzi. Kuna siku alikuja na homa. Kuna siku alikuja akiwa amegombana na mkewe, shati limefungwa vifungo kombo. Lakini alikuja.

Jumanne hiyo saa kumi na mbili kasoro robo ilipita. Saa kumi na mbili ikapita. Injini alikaa kwenye ngazi, akasimama, akautikisa mnyororo kama mtu anayemwamsha mlevi, akakaa tena. Mtu mwingine angeondoka mapema kutafuta basi. Yeye hakuondoka, kwa sababu katika miaka sita hakuwahi hata mara moja kusubiri bure.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini alikwenda mbio hadi nyumbani kwa Twiga. Mlangoni palikuwa na kufuli. Jirani aliyekuwa akifagia uwanja akamtazama kibanio cha nguo mguuni.

"Unamtaka mrefu? Ameondoka kitambo. Gari la kiwanda limemchukua."

"Gari gani?"

"Lile linalobeba akina mama wa kupakia. Amekaa mbele na dereva. Leo magoti yamepata nafasi!" Jirani akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaendelea kufagia.

Injini alikwenda kituoni. Basi la kwanza halikusimama.

*

Ndani ya nyumba, mkewe alikuwa amelala macho wazi tangu mwanzo. Alimsikia akitikisa mnyororo. Alisikia miguu yake ikienda mbio. Alipokwisha kuwa na hakika kwamba hatarudi, aliinuka, akafungua kopo la chumvi lililokuwa juu ya kabati, akaingiza vidole viwili, akatoa ufunguo.

Ufunguo huo aliletewa na kaka yake Jumatatu jioni, Injini alipokuwa bafuni uani. Twiga alisimama mlangoni bila kuingia, akawa anazungumza na ukuta.

"Dada, mwambie mwenzio kuanzia kesho mimi nitapanda gari la kampuni. Dereva amenipa kiti. Magoti yangu yamechoka. Ufunguo huu, mpe."

"Mbona humsubiri umwambie mwenyewe?"

"Mpe tu, dada. Utamweleza vizuri kuliko mimi."

Angeweza kuutoa pale pale. Aliushika mkononi wakati mumewe akila. Aliushika akiosha vyombo. Lakini miezi minne nyuma, fundi viatu wa nyumba ya tatu alikuwa ametoka asubuhi kwa baiskeli kwa njia ile ile, na lori la mchanga likampitia kwenye daraja. Mke wa Injini ndiye aliyemshika mjane wake siku baiskeli iliporudishwa juu ya mkokoteni, imekunjwa kama waya wa kuanikia nguo. Mwezi uliofuata Injini mwenyewe alisukumwa na basi hadi mtaroni, akarudi na bega limechubuka, akasema ni mkwaruzo. Mkewe alimwomba apande basi. Akajibiwa, "Nikikosa siku moja, nitakosa ya pili. Mimi najijua." Akaomba tena. Akajibiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo akafikiri: siku moja tu. Apande basi siku moja, aone kwamba dunia haikupasuka. Hakujua lolote zaidi ya hapo, maana hakuna aliyemwambia.

*

Jambo ambalo hakuambiwa ni hili. Wiki tatu kabla, kiwanda kilileta mashine mpya ya kukata sabuni. Wakataji walikuwa wanne. Wawili walipelekwa kujifunza mashine. Waliobaki, Injini na Twiga, waliitwa na msimamizi akawaambia wazi kwamba nafasi iliyopo ni moja, nayo itatolewa kwa kutazama daftari la getini, ambamo anayechelewa huandikwa kwa wino mwekundu. "Nyote hamna alama nyekundu," alisema, akifurahi kidogo, kama mtu anayetazama mpira. "Tutaona mwisho wa mwezi nani bado hana."

Siku hiyo walirudi nyumbani wakitaniana. "Mwisho wa mwezi watatupimisha urefu," Twiga alisema, "nawe utakuwa umekwisha." Injini akamwambia wakichagua kwa uzuri wa sura wote wawili hawana kazi. Wakacheka hadi kwenye tangi la maji. Injini hakumwambia mkewe, ili asimtie wasiwasi juu ya ule aliokuwa nao.

Jumanne alifika getini saa moja na dakika ishirini na tano. Mlinzi alikuwa amekwisha kufunga ukurasa.

"Aa! Injini! Leo umekosa mafuta?"

"Fungua, kaka. Nimekwama."

"Mimi nafungua geti. Daftari silifungui, hilo si langu." Akachukua kalamu nyekundu iliyoning'inizwa kwa uzi, akaandika taratibu, akaupuliza wino kana kwamba lilikuwa jambo la heshima.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Injini akiwa amesimama, mikono nyuma. Akaelezwa habari ya mnyororo na ufunguo, akacheka, akasema hajapata kusikia watu wazima wakifungiana namna hiyo.

"Sasa sikiliza. Kama ufunguo ulikuwa kwa mwenzako, na mwenzako akathibitisha, hilo si uvivu. Nitafuta alama. Mwiteni Twiga."

Twiga aliingia akijifuta unga wa sabuni kwenye vidole. Hakumtazama shemeji yake.

"Huyu anasema ufunguo wa baiskeli yake unakaa kwako, ndiyo sababu amechelewa. Ni kweli?"

Kulikuwa na feni ndogo juu ya kabati, ikigeuka huku na huku. Iligeuka kwa Injini, ikageuka kwa Twiga, ikarudi. Twiga alijua kwamba ufunguo haukuwa kwake tangu jana. Alijua kwa nani aliuacha. Na alijua nafasi ni ngapi.

"Sijui habari za ufunguo, mzee," alisema. "Mimi nilikuja na gari."

 Injini alitazama mguu wake wa kulia, akaona kibanio cha nguo bado kiko pale. Akainama kukitoa, na kwa kuinama kule msimamizi akadhani anaomba msamaha.

"Basi, basi. Rudi kazini," akasema.

*

Jioni ile alimweleza mkewe yote kwa mara moja: mashine, nafasi moja, daftari, alama nyekundu, feni. Alieleza akiwa ameketi kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkewe alisimama na nguo iliyokunjwa nusu.

"Nafasi moja?" akauliza. "Wewe na kaka?"

"Mimi na kaka yako. Na kaka yako amelala na ufunguo wangu, akapanda gari, akasimama mbele ya mkubwa akasema hajui. Miaka sita! Mtu nimempa mgongo wangu akajikingia upepo."

"Labda alisahau."

"Usimtetee."

"Simtetei. Nasema labda—"

"Ufunguo uko wapi, kama si kwake? Umeota miguu?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini kosa lililokuwa dogo asubuhi lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko nyumba. Akaenda jikoni, akakaa huko kwa muda wa mtu anayezungumza na mgeni mlango wa nyuma, akarudi na kuuweka ufunguo mezani.

"Kaka amepita sasa hivi. Hakutaka kuingia."

Injini aliutazama ufunguo. Ulikuwa na chembe za kitu cheupe. Yeye alidhani ni sabuni.

"Ameona haya kuniangalia," akasema. "Vizuri. Kesho mimi nitamwangalia."

Na kesho yake alimwangalia. Ilikuwa saa ya mapumziko, wafanyakazi wameketi kwenye kivuli cha ghala, akina mama wa kupakia upande mmoja na vibarua upande wa pili. Injini alisimama mbele ya Twiga, akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia.

"Shemeji, hivi nyoka huwa anakula chakula gani? Nataka kujua nilichokuwa nakulisha nyumbani kwangu."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Jamani, jamani."

"Ukitaka kazi yangu ungeniomba," Injini aliendelea. "Ningekukatalia usoni, mambo yakaisha. Lakini kunifungia mlango ukaondoka na gari, kisha jioni ukamletea dada yako ufunguo kisirisiri!"

Twiga aliinua uso. "Jioni gani?"

"Jana. Usijifanye bubu, jana ulikuwa na maneno ofisini."

 Twiga akaelewa. Aliona waziwazi dada yake akitoka jikoni na uongo wake mkononi. Neno moja lingemtosha kujisafisha mbele ya watu wote, na safari hii hakulitamka. Aliinuka, akakunja kifuko chake cha chakula, akaenda kuketi peke yake nyuma ya mapipa.

"Mnaona?" Injini akasema. "Hana la kujibu." Mama mmoja wa kupakia akamsogezea maji, akamwambia anywe.

*

Jumamosi alasiri mke wa Twiga aliingia bila hodi, kandambili zikipiga sakafu.

"Wifi, karibu, keti," mke wa Injini akasema haraka.

"Kukaa sikuja. Shemeji, nimekuja kwako wewe." Alijifunga kanga upya kiunoni, kwa nguvu. "Umemwita mume wangu nyoka mbele ya wanawake ninaonunua nao maji. Amerudi nyumbani hali, hasemi. Mimi si yeye. Mimi nasema. Ufunguo wenu ule aliuleta hapa Jumatatu jioni. Si Jumanne! Jumatatu, wewe ukiwa unaoga, tunakusikia unavyopiga kelele za maji baridi. Akampa huyu mkononi. Nilikuwa nimesimama pale kwenye nguzo na ndoo yangu, nikaona kwa macho haya."

"Wifi..."

"Usiniwifi. Sema nimeongopa."

 Mke wa Injini aliangalia mikono yake.

"Hujaongopa," akasema.

Mke wa Twiga alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alipokosa wa kugombana naye, ghadhabu yake ikakosa pa kukaa. Akasema, "Basi, mimi nimemaliza," akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Injini hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Aliuleta Jumatatu."

"Ndiyo."

"Nami nikakaa pale nje karibu saa nzima. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Na Jumanne jioni, ulipoutoa?"

"Nilidanganya. Niliogopa." Akaanza kulia, kisha akajizuia, kana kwamba hakuona kuwa ana haki. "Nilitaka upande basi siku moja. Kila siku ukitoka mimi silali. Nahesabu. Sasa uko kwenye daraja. Sasa uko kwenye tangi. Ikifika saa moja na hakuna aliyekuja kugonga, najua umefika. Jumatatu nilipopewa ufunguo nikasema, kesho nisihesabu. Kesho tu."

"Ungeniambia."

"Nimekuambia mara ngapi? Na wewe, mbona habari ya nafasi hukuniambia? Ningejua, ningekukimbizia huko bafuni, ukiwa na sabuni machoni."

"Mimi nimeficha maneno," Injini alisema. "Wewe umeficha ufunguo. Nimekwenda kumtukana mtu mbele ya kiwanda kizima kwa mdomo wako."

 Watoto waliingia kutoka kucheza wakidai chakula, na mama yao akainuka kuwapakulia.

*

Jumapili Twiga alikuja kuchukua baiskeli yake. Injini alifungua mnyororo mwenyewe. Walisimama barazani kila mmoja ameshika usukani wa yake.

"Nimekutukana kwa jambo ambalo hukulifanya," Injini akasema. "Hilo naomba radhi."

"Yamepita."

"Ila lile la ofisini ulilifanya."

Twiga alibonyeza gurudumu la mbele. Lilikuwa limeishiwa upepo. "Ningesemaje? Kwamba nilimpa dada yangu na yeye akakaa nao? Nimtie katika midomo ya kiwanda kizima?"

"Usinifanye mtoto, shemeji. Siku ile ulikuwa humfichi dada."

Mtu alipita barabarani akawasalimu wote wawili kwa pamoja kama alivyozoea, nao wakaitikia kwa pamoja.

"Nafasi ilikuwa moja," Twiga akasema.

 Aliisukuma baiskeli hadi barabarani, ndefu na gurudumu bapa, bila kuipanda. Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Hakutoka.

Mwisho wa mwezi karatasi ilibandikwa ukutani karibu na ofisi ya mishahara. Jina lililobaki lilikuwa moja. Injini aliisoma, akawaachia nafasi waliokuwa nyuma yake nao waisome, akaenda kurudisha koti la kazi na kisu cha kukatia. Karani alikipima kisu kwa macho, akasema kimeisha makali.

*

Kazi nyingine hakuipata. Aliulizia kwenye kiwanda cha chupa, kwenye ghala la saruji, kwa mtu anayejenga. Wiki ya tatu akaanza kusimama geti la nyuma la kiwanda kile kile, ambako vibarua huchaguliwa kila asubuhi kwa ajili ya kupakia malori. Hakuna daftari huko. Ukichelewa hakuna anayekuandika, na ukikosa kuja hakuna anayeuliza.

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kazi yenyewe. Kuna asubuhi aliketi kitandani na soksi moja mguuni, akitafuta sababu ya kuvaa ya pili. Hakuna aliyekuwa njiani kuja. Hakuna ambaye angekwama kwa ajili yake. Upepo ulikuwa wake wote, kutoka mlangoni hadi getini. Mkewe alimwekea chai, akaipokea. Waliongea juu ya karo, juu ya maji yaliyokatika, juu ya jino la mtoto wa mwisho. Mengine hawakuyaongea. Na alipokwisha kunywa aliivaa ile soksi, akatoka, kwa sababu ya hao watoto na kwa sababu hakujua afanye nini mahali pengine saa ile.

Anayechagua vibarua ni Twiga. Kazi hiyo ilikuja pamoja na ile nafasi. Hushuka kutoka kwenye gari la kampuni akiwa na ubao wenye karatasi, akasimama juu ya tofali ingawa halihitaji, na kunyoosha kidole. Siku ya kwanza kidole kilipita kichwani kwa Injini, kikarudi, kikasimama.

"Wewe. Mwenye shati la bluu."

Wanaomjua walitazamana. Injini alipita getini pamoja na wengine, akainamisha mgongo chini ya katoni ya kwanza.

Geti la nyuma hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Wanaosimama huwa kama arobaini, wanaohitajika huwa kumi na wawili. Wiki iliyopita Injini alichukuliwa siku tatu.